Kiswahili si mtoto wa Kiarabu

Keti kwenye baraza lolote la Ujiji, utasikia kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa na maneno ya kienyeji. Ushahidi wanaoutoa ni misafara: Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wameshajenga hapa kabla wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke hawajafika mwaka 1858, na lugha ilikuja nao. Ni kweli ilikuja nao. Lakini aliyeileta lugha siye aliyeizaa.

Chukua sentensi ambayo mchukuzi yeyote wa Kigoma anaweza kuisema: "Gari la serikali limeharibika bandarini." Gari ni neno la Kihindi. Serikali na bandari yametoka Uajemi. Haribu ni la Kiarabu. Humo hamna jina wala kitenzi chenye asili ya Kibantu! Sasa tazama kinachoyashikanisha: la, li-, -me-, -ika, -ni. Gari limetiwa kwenye ngeli, na kitenzi cha Kiarabu kimevishwa viambishi asivyovijua Mwarabu wa Muscat. Hiyo ndiyo mifupa ya lugha, na haikuazimwa kwa mtu.

Anayebisha akitazame Kiajemi. Kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, kimejaa maneno ya Kiarabu, na bado si ndugu yake. Tano kwa Kiarabu ni khamsa. Kwa Kiajemi ni panj. Kwa Kigujarati, lugha ya nyumbani ya Wahindi wengi waliofungua maduka nchini mwetu, ni panch. Kiajemi, Kihindi na Kigujarati ni vya ukoo mmoja, na Kiingereza kimo humohumo. Kiurdu kiliishi na Kiajemi cha watawala wa Kimughal kwa karne nyingi, kikachota maneno tele, lakini sarufi yake ikabaki ileile ya Kihindi. Kitamili nacho, ambacho wengi hukiita Kihindi kwa kuwa kiko India, ni cha ukoo wa Kidravidi, ukoo mwingine kabisa.

Ndugu wa Kiswahili hawako mbali. Panda Kasulu uwasikilize Waha wakihesabu: abantu batatu, abantu batanu. Watu watatu, watu watano. Hakuna msafara uliowafundisha hayo. Mwanaisimu Bleek aliuita ukoo huu Kibantu tangu mwaka 1862, na leo bado tunabishana barazani.

Kinachoniuma ni mtoto wa Buhigwe anayeingia darasa la kwanza akiaminishwa kwamba lugha ya mama yake ni kilugha cha jikoni, na Kiswahili ni kitu cha watu wengine. Mwalimu angeandika ubaoni abantu batatu, chini yake watu watatu, mtoto angeiona ngeli ya pili kabla kengele haijalia. Badala yake, wapo wanaoadhibiwa kwa kusema Kiha shuleni. Adhabu hiyo ikomeshwe, na mistari hiyo miwili iandikwe ubaoni muhula ujao.