Moraa Wawili na Usasa Wetu

Majuzi, tukinywa chai mjini Keroka, pale Kisii inapopakana na Nyamira, mwalimu mwenzangu alilalamika kuwa runinga imewaharibu wasichana wetu. "Mwanamke wa kisasa ni kukata kiuno tu!" akasema. (Harusini, wasomaji wangu, yeye ndiye hutangulia uwanjani.)

Nikamtajia Mary Moraa, binti wa Kisii. Alipotwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 huko Budapest mwaka wa 2023, kwa dakika 1 na sekunde 56.03, aliusherehekea kwa kucheza mbele ya umati. Je, kiuno kilimpunguzia mbio?

"Huyo kaiga wazungu," akajitetea.

"Na Moraa Ng'iti alimwiga nani?" Mwaka wa 1908 mwanamke huyo ndiye aliyemchochea Otenyo amchome mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza. Runinga haikuwapo Gusii.

Hapo mwenzangu akacheka, kisha akakiri kuwa darasani mwake Otenyo hutajwa upesi, ila Moraa hajulikani. Basi tunawalaumu wasichana kwa kuwatazama waimbaji wa ng'ambo, ilhali sisi tunaoshika chaki hatujawaonyesha wa kwao. Hakuna aliyetukataza kumtaja.