Wenye usonji nao wawemo kwenye bodi

Ndugu mwandishi, nimesoma makala yako kuhusu usonji hapa Bujumbura. Humo wamezungumza wazazi, daktari na mfadhili. Mwenye usonji mwenyewe sikumsikia. Wazazi nawaheshimu sana, maana huko Kenya ndio walioanzisha chama cha usonji mwaka 2003. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Marekani, mwaka 2006, Ari Ne'eman na Scott Robertson, wote wawili wenye usonji, walianzisha chama kinachoongozwa na wenye usonji wenyewe. Nasi Burundi tuliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014. Ibara ya 4 inataka washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu, hata watoto.

Kwa hiyo miongoni mwa wanaojitolea kwenye bodi za vyama vya usonji wawemo wenye usonji wenyewe, tena wenye kura, si wa kupigwa picha. Ajenda waipate mapema, kwa Kirundi au Kiswahili, si Kifaransa peke yake. Asiyesema kwa mdomo aandike. Na walipiwe teksi, kwa sababu basi lililojaa na kelele za stendi humchosha mwenye usonji kabla mkutano haujafunguliwa.

Msomaji, Buyenzi