Gari la Babu Halikuzaliwa Litambae

Jumapili jioni huwa tunakutana karibu na mnara wa saa hapa Moshi, sisi wenye magari ya zamani. Yameng'arishwa mpaka unaweza kuchana nywele ukijitazama mlangoni, na mengi yamechuchumaa, matairi yamemezwa na madigadi. Tunapiga picha. Kwa hiyo ninaposema kwamba kushusha gari la zamani mpaka litambae katika mji huu ni ujinga uliovalishwa suti, simnyooshei mtu kidole kwa mbali. Mimi mwenyewe nilikata springi, tena kwa pesa yangu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 la marehemu babu. Bibi husema lile si gari, ni kahawa. Baridi kali ya Julai 1975 iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikapanda dunia nzima, na kwa miaka michache buni za kwenye kihamba chetu kule Uru zikawa na maana. Mwaka 1978 babu akalinunua mkononi mwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Lilibeba magunia, wagonjwa na maharusi, mpaka likaja kwangu, mwanafunzi wa uzamili ambaye pesa yake yote ilikuwa ya kibarua cha kukusanya takwimu vijijini.

Nilikwenda gereji na picha kwenye simu. Fundi aliitazama, akanitazama mimi, akauliza, "Huyu wa kwenye picha anaishi wapi?" Nikamwambia akate. Alitoa mizunguko miwili kila springi. Gari likashuka, likapendeza kweli, nami nikajiona mtu.

Desemba ndugu walipopanda kutoka Dar kuja kula Krismasi, nilimpeleka Bibi kliniki kwa ajili ya magoti yake. Kwenda tulikwenda, tukigonga hapa na pale. Wakati wa kurudi, lami ilipokwisha na tukafika pale mfongo unapokata barabara, tumbo la gari liligonga jiwe kwa mlio ambao bado nausikia. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena, likagonga tena. Bibi akasema taratibu, "Nishushe, baba. Nitatembea." Akashuka na fimbo yake, akapanda mlima kwa miguu, mimi nikimfuata nyuma na gari tupu. Shangazi zangu walicheka sana. Bibi hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa tuzungumze kama watu waliosoma. Springi si mguu wa kiti unaokatwa ili kiti kiwe kifupi. Kila mzunguko unafanya kazi. Ukiwa na mizunguko minane inayofanya kazi, ukaondoa miwili, inayobaki inakuwa ngumu zaidi kwa takribani asilimia 33, wakati huohuo umeipunguzia gari nafasi ya kushuka inapokutana na shimo. Shokapu iliyotengenezwa kwa ajili ya springi ya kwanza haiwezi kuituliza hii mpya: gari linarukaruka, tairi linaachana na barabara, na tairi lisilogusa barabara halipigi kona wala halishiki breki. Na gurudumu likining'inia, springi iliyokatwa inaweza kulegea na kutoka kwenye kikalio chake.

"Lakini gari la chini linapiga kona vizuri." Nimelisikia hilo mara mia, na ni kweli kwa kiasi. Uzito ukishuka kidogo, gari linatulia. Ila mbele ya 504, kama ilivyo kwa magari mengi yanayotumia mikono ya chini na shokapu iliyosimama ndani ya springi, ukishusha kupita kiasi ile mikono inainama upande usiotakiwa, na gari huweza kulala kwenye kona zaidi ya mwanzo. Nyuma, matairi yanainama kwa ndani na kuliwa upande mmoja. Unapoteza raha, unapoteza matairi, na kona yenyewe huipati.

Waliolitengeneza gari hili walijua walichokuwa wanafanya. Lilitoka mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Springi zake ni laini, zenye safari ndefu ya kupanda na kushuka. Ndiyo maana 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na tope hilihili tunalolionea aibu. Kama tunatafuta picha ya kuiga, tunayo nyumbani: gari lililosimama juu, limejaa matope mpaka kwenye vioo, na limeshinda.

Wala simtetei yule anayekimbilia upande wa pili, akapachika spesa nene ili gari liwe refu kama trekta. Spesa haiongezi uwezo wa springi. Shokapu inafika mwisho wa kunyooka mapema, na viungo vinafanya kazi kwenye pembe ambazo havikupangiwa.

Kama una pesa kidogo, mpangilio ni huu. Anza na bushi na boljointi, kwa sababu gari lenye bushi zilizokufa halina tabia ya kurekebisha. Kisha shokapu nzuri, nne kwa pamoja. Kisha springi zenye ugumu unaolingana na mzigo unaoubeba kweli. Kisha matairi na alaimenti. Ukitaka lisilale sana kwenye kona, tafuta stabilaiza nene kidogo. Baada ya hayo yote, kama moyo bado unataka kushusha, shusha sentimita mbili kwa springi zilizotengenezwa hivyo, na usikate kitu.

Najua jibu lenu: gari ni langu, uzuri ni wangu. Sawa. Lakini wengi wetu hatukuyanunua magari haya. Tumeachiwa na watu waliouza buni au waliofundisha shule miaka thelathini, na kule juu bado kuna mtu anayesubiri kupakiwa. Uzuri unaomshusha bibi njiani mimi siujui tena kuutazama.

Nimenunua springi nzima, zilizotumika, na shokapu mpya mbili. Mbili za nyuma bado nachanga. Pale kwenye mnara wenzangu wanasema gari langu limesimama kama la mwalimu mkuu. Jumamosi iliyopita lilivuka mfongo bila kugusa jiwe. Bibi alikuwa kiti cha mbele, amepakata mkungu wa ndizi, analalamika kwamba naendesha polepole.