Meli Mbili Katika Bandari ya Istanbul



Ugomvi unapoingia katika ukoo, kila upande humtaka jamaa aseme yuko na nani. Akinena, hujipatia hasimu. Akinyamaza, huitwa mnafiki. Nasi mara nyingi humsifu anayekaa kando tukamwona mwenye busara, na shauri likaishia hapo. Juma hili tumependa kuitazama nchi moja iliyokaa kando wakati dunia nzima ikipigana, tupime kama kukaa kando peke yake kunatosha.

Nchi hiyo ni Uturuki. Mwaka 1914 dola ya Uthmaniya iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Ujerumani. Miaka minne baadaye dola ilikuwa imeshindwa, nchi za Waarabu zimeitoka mkononi, na majeshi ya kigeni yamo Istanbul. Vita vya Pili vilipozuka mwaka 1939, rais wa Uturuki alikuwa İsmet İnönü, askari wa zamani aliyeyashuhudia hayo yote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Uturuki haikuepuka vita kwa kujifungia ndani. Oktoba 1939 ilitia saini mkataba wa kusaidiana na Uingereza na Ufaransa, ila iliweka sharti kwamba haitalazimishwa kufanya jambo litakaloipambanisha na Urusi. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Uturuki ililishika sharti hilo ikabaki nje. Mwaka uliofuata Wajerumani waliiteka Ugiriki wakafika mpakani mwake, na tarehe 18 Juni 1941 ikafanya nao mkataba wa urafiki. Madini yake ya kromi, yanayoimarisha chuma cha silaha, iliwauzia Waingereza, kisha na Wajerumani, hadi Aprili 1944. Januari 1943 Churchill mwenyewe alifika Adana kumshawishi İnönü aingie vitani, naye hakuingia.

Amani hiyo haikuwa ya bure. Takriban wanaume milioni moja waliwekwa chini ya silaha katika nchi yenye watu wapatao milioni 18. Mashamba yalipungukiwa na mikono, na mwaka 1942 mkate ukawa unatolewa mijini kwa kadi. Walakini mama wa Kituruki hakuletewa habari ya mwanawe kufia Stalingrad, na hilo si jambo dogo.

Lakini habari tuliyokusudia hasa ni ya meli mbili.

Ya kwanza iliitwa Kurtuluş, maana yake Ukombozi. Mwaka 1941 njaa kali iliwashika Wagiriki chini ya utawala wa Wajerumani. Waturuki na Wagiriki walikuwa wamepigana vita vichungu, na havijatimia hata miaka 20 tangu vimalizike. Hata hivyo, Oktoba 1941 Kurtuluş iling'oa nanga Istanbul ikiwa imesheheni chakula cha Wagiriki. Waingereza waliokuwa wameizuia bahari waliiruhusu ipite, na Wajerumani nao wakairuhusu itie nanga. Nchi iliyopigana isingeweza kufanya hivyo. Meli hiyo ilizama Januari 1942 katika Bahari ya Marmara, na nyingine zikaendeleza kazi yake.

Ya pili iliitwa Struma. Iliingia Istanbul Disemba 1941 ikitoka Romania, injini yake mbovu, imewabeba Mayahudi zaidi ya 760 waliokimbia kuuawa, miongoni mwao watoto wengi. Waingereza walikataa kuwapa ruhusa ya kwenda Palestina. Uturuki, kwa kuchelea kutwikwa mzigo wa wakimbizi, ilikataa kuwashusha isipokuwa wachache. Walikaa humo takriban wiki kumi, mji wakiuona kwa macho. Tarehe 23 Februari 1942 meli ilivutwa hadi Bahari Nyeusi ikaachwa bila injini. Kesho yake ilipigwa kombora na nyambizi ya Urusi. Alinusurika mtu mmoja tu.

Kila serikali ilikuwa na hoja yake, na hakuna iliyokubali kuwa roho zile ni dhamana yake. Miaka mitatu kamili baadaye, tarehe 23 Februari 1945, Uturuki ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani na Japani, vita vikiwa vinakaribia kwisha, ikapata nafasi miongoni mwa waasisi wa Umoja wa Mataifa.

Bandari ilikuwa moja, serikali moja, na msimamo ule ule wa kutoegemea upande. Msimamo huo uliwafikishia wenye njaa chakula, na msimamo huo huo ukatumika kumfungia mlango aliyekuja kuomba hifadhi.

Tuyarudishe haya majumbani mwetu. Mume na mke wanapoachana, jamaa wengi husema, "Sisi hatumo." Ni kauli njema ikiwa maana yake ni kwamba hatutachochea moto wala hatutabeba maneno ya huku kuyapeleka kule. Ikiwa maana yake ni kwamba hatutauliza watoto wamekula nini, wala nani atawalipia karo, hapo tumeivuta Struma baharini kwa mikono yetu. Anayekaa kando na ugomvi wa wakubwa hajasamehewa haki ya wadogo. Bali yeye ndiye awezaye kuitimiza, kwa kuwa milango ya pande zote mbili ingali wazi kwake.

Wabillahi tawfiq.