Kabla ya Dhamira, Mtu: Mwandishi Chipukizi na Kisima cha Liyongo

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoketi kuandika hadithi yake ya kwanza, aghalabu huanza na dhamira. Huamua kwamba ataandika juu ya ufisadi au ndoa za mapema, kisha huwatafuta wahusika wa kuibeba dhamira hiyo. Si ajabu, kwani darasani tumezoea kuichambua riwaya kwa kutaja maudhui kwanza na fani baadaye. Hata hivyo, vifaa vya mhakiki si vifaa vya mtunzi. Mhakiki huikuta nyumba imekwisha kujengwa akavihesabu vyumba vyake. Mtunzi hana budi kuanza na mawe na chokaa.

Kwa maoni yangu, misingi ya utunzi kwa anayeanza ni mitatu: mtu anayetaka jambo, kizuizi kinachomkabili, na kitu kinachoonekana kwa macho. Hatuna haja ya kuiagiza misingi hii kutoka ng'ambo. Imo katika urithi wa visiwa vya Lamu, ijapokuwa sehemu kubwa ya urithi huo ni ushairi.

Tutazame Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu. Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo, shujaa asiyedhuriwa na silaha za kawaida. Anamrubuni mwanawe Liyongo, kwa ahadi ya cheo na mke, aipeleleze siri ya kifo cha baba yake. Liyongo anahisi kwamba mwanawe amehadaiwa, na bado anamwambia siri: ni sindano ya shaba kitovuni. Mtunzi angeweza kutuhubiria beti nyingi juu ya usaliti. Badala yake amempa kijana tamaa, akamweka mbele ya baba aliyelala, na mkononi akamtia sindano.

Kisha kinakuja kisima. Liyongo aliyedungwa anautwaa uta wake, anapiga goti karibu na kisima na kufa katika hali hiyo. Watu wanamdhania yu hai, na hakuna anayethubutu kuteka maji. Tungeambiwa tu kwamba mji ulimhofu sana, tungesahau upesi. Lakini mji wenye kiu unaoogopa maiti hausahauliki. Hofu imegeuzwa kuwa ndoo tupu.

Wapo watakaodai kwamba fasihi ya pwani ni fasihi ya mawaidha, na kwamba kuyaondoa mawaidha ni kuikata mizizi yake. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuyatazame mawaidha yenyewe. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake. Nguvu yake inatokana na mama mmoja anayesema na binti mmoja anayesikiliza. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye, katika Al-Inkishafi, anatuonyesha ubatili wa dunia kwa kututembeza katika majumba ya Pate yaliyohamwa, ambamo popo na ndege wamechukua nafasi ya matajiri. Mawaidha yamo, ila yamepata mahali pa kukaa.

Basi mwandishi chipukizi anayetaka kuandika juu ya bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021, asianze na neno "maendeleo". Aanze na mvuvi mmoja anayetaka kumwoza binti yake. Mkondo aliouzoea umechimbwa ili meli kubwa zipite, pepo za kusi zimeanza, na dau lake ni dogo mno kwa bahari ya nje ya mwamba. Je, aliuze dau au aivunje ahadi ya harusi? Mwandishi amwache mvuvi achague, na atuonyeshe mikono yake inapoifungua kamba ya tanga kwa mara ya mwisho. Dhamira itakuja yenyewe, bila kuitwa.

Mvuvi huyo aseme kama watu wa kwao. Akitamka "ndoo" kwa maana ya njoo, na "mato" kwa maana ya macho, mhariri asiikimbilie kalamu nyekundu. Msimulizi anaweza kutumia Kiswahili sanifu huku mhusika akibaki na Kiamu chake.

Mwaka 2019 Yvonne Adhiambo Owuor alichapisha The Dragonfly Sea, riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni msichana wa kisiwa cha Pate. Ni kazi ya kuheshimiwa, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Tukiendelea kuandika hotuba zilizovishwa majina ya watu, visa vya visiwa hivi vitasimuliwa kwa lugha nyingine, na sisi wenye Kiswahili tutabaki kuvihakiki.

Napendekeza kila chama cha wanafunzi kitenge kikao kimoja kila muhula cha kusomeana kurasa mbili za hadithi. Aliyesoma asiulizwe dhamira yake ni ipi. Aulizwe kwanza: mtu huyu anataka nini, na nani amemzuia?