Mtoto Hasemi Hivyo

Kikundi chetu kilialikwa Kisarawe kuonyesha mchezo wa kuigiza juu ya malezi. Sisi, kwa kuwa ni wauguzi, tulipewa kazi ya kuandika maneno ya binti wa miaka 12. Tukaandika: "Mama mpendwa, nimevunja ungo. Naomba mawaidha yako."

Tuliyapenda. Jioni tukampa binti yetu wa darasa la sita ayasome. Akaguna.

"Mama, mtoto hasemi hivyo."

"Husemaje?"

"Hasemi kitu. Anafua nguo zake usiku, watu wakilala."

Tukaweka kalamu chini. Tukakumbuka ndoo iliyokutwa imelowa asubuhi, na ile kanga kuukuu iliyopotea. Kumbe ni miezi minne! Na sisi ndio tunaofundisha mabinti wa wenzetu kliniki. Tulipomwuliza kwa nini alificha, alijibu akitazama chini: "Ungeanza kunifundisha kama wale wa kliniki."

Usiku ule hatukufundisha. Tulikaa naye tu, tukamsikiliza. Kesho yake tukafuta yale maneno.

Ndugu zetu, anayetaka kumwandika mtoto wa rika hili asimpe mdomo wa mtu mzima. Leo anacheza rede na wadogo zake, kesho anaona aibu wavulana wakipita. Ukimwuliza ana nini, atasema "hamna." Ukweli wake uko mikononi: ndoo, kanga, mlango uliofungwa. Mvulana naye, sauti ikianza kukwaruza, huacha kuimba kanisani bila kueleza sababu.

Wazaramo wa Kisarawe walilijua hili zamani. Mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze kama mtoto wake. Alikuwa bado yu karibu na michezo, huku anaandaliwa kuwa mama. Na mafundisho aliyapata kwa kungwi, maana mengine ni mazito kuyasema mbele ya mama mzazi.

Someni pia Luka sura ya 2. Yesu akiwa na miaka 12 alibaki Yerusalemu bila kuwaambia wazazi. Walipompata, alijibu kwa maswali. Kisha akarudi nao nyumbani, akawatii. Mtoto wa kweli ni huyo, mwenye yote mawili kwa wakati mmoja.

Kule Kisarawe, binti wa kwenye mchezo alisimama mlangoni na ndoo. Mama akauliza, "Maji ya nini usiku huu?" Akajibu, "Ya miguu." Mama hakuuliza tena. Alichukua sabuni, akaketi karibu naye, wakafua pamoja. Ukumbi mzima ulinyamaza.

Binti yetu hakutaka kuigiza nafasi hiyo, nasi hatukumlazimisha. Ameturuhusu kuandika haya, bila jina lake. Mwezi huu, mama mwenzetu, kabla ya kumwonya mwanao, tazama kwanza mikono yake inafanya nini.