Mlikuja Kusherehekea Tumbo

Nianze na ungamo, ndiyo msinitukane mkifika katikati: bebi shawa ninayoisema hapa niliiandaa mimi. Mimi ndiye nilifungua grupu ya WhatsApp, nikaweka picha ya dubu, nikaandika "Wasichana, tumshtue Beste!" Mimi ndiye nilichagua thimu. Mimi ndiye nilikuwa nataja majina ya wale hawajatuma, kila jioni, na emoji ya macho kando ya jina. Kwa hivyo hasira iliyo humu nusu yake ni yangu mwenyewe. Nusu nyingine nitawagawia.

Thimu ilikuwa Safari. Kama umewahi kupotelea Pinterest usiku unaijua: twiga, simba, pundamilia, majani ya plastiki, baluni za kijani na dhahabu zimepangwa kama upinde, na bango la kusema mfalme mdogo wa porini yuko njiani. Niliipenda. Niliona hii sasa ni ya kwetu. Ilinichukua miezi kuona kichekesho chenyewe. Tunaishi Nairobi, mji wenye mbuga tangu 1946, simba wenye damu wananguruma hapo ng'ambo ya Lang'ata Road, halafu sisi tukalipa pesa nzuri kuleta Afrika ya karatasi, ile wanapiga nayo picha watu ambao hawajawahi kuikanyaga, tukaibandika ukutani Kileleshwa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka.

Pesa zilienda hivi. Tulikuwa 14, kila mtu 3,500, jumla 49,000. Kwangu mimi ninayelipwa kwa makala, 3,500 ni makala moja na nusu, na hapo mhariri amelipa kwa wakati. Nyumba ya kukodisha kwa siku moja ilikula 12,000. Mapambo 15,000, na asubuhi yake baluni zilikuwa zimelala sakafuni kama soksi. Mpiga picha 8,000. Chakula 7,500, na bado kuna watu walirudi kwao na njaa. Keki ilikuwa 6,500, ya ghorofa mbili, na twiga wa sukari juu. Zawadi zilikuwa kando, kila mtu na mfuko wake. Beste alipata blanketi saba. Saba. Mtoto mmoja.

Mwingine kwenye grupu alitaka tuongeze ile ya kufichua kama ni msichana au mvulana, moshi wa rangi na nini. Nashukuru pesa zilituisha. Mwanablogu wa Marekani aliyeanzisha mtindo huo kwa keki mwaka wa 2008, Jenna Karvunidis, alisema hadharani mwaka wa 2019 kwamba anajuta. Mwaka uliofuata kifaa cha moshi cha sherehe ya aina hiyo kikawasha msitu California, na mzimamoto mmoja akafa. Lakini hiyo ni ya kwao. Ya kwetu haikuchoma msitu, ilichoma tu akiba.

Sasa sikiliza kile ambacho hakuna mtu aliuliza. Katika wiki sita za kuchangisha, jumbe mia ngapi, kura za rangi ya baluni (tulipiga kura mara tatu!), hakuna mtu hata mmoja aliyeandika: Beste, unajifungulia wapi? SHA yako iko sawa?

Haikuwa sawa. Beste anasuka nywele. Hana mwajiri wa kumkata asilimia 2.75 kila mwezi kabla hajaiona. Mtu kama yeye anajisajili, anajibu maswali kuhusu nyumba yake ina paa gani na choo gani, mfumo unamkadiria, halafu anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Yeye alikadiriwa 510 kwa mwezi. Zidisha kwa 12. Ni 6,120. Alikuwa anangoja "mambo yakae poa" ndiyo alipe.

Keki ilikuwa 6,500.

Nimeandika hizo namba mbili kwenye daftari, kwenye simu, nyuma ya risiti ya supamaketi, nikitafuta mahali zinaweza kukaa karibu bila kunikera. Hakuna.

Wiki tatu baada ya sherehe presha yake ilipanda usiku. Bodaboda, teksi, hospitali ya kibinafsi iliyokuwa karibu, upasuaji wa dharura. Mama mzima, mtoto mzima, tunashukuru. Bili ilikuwa 78,000. Angekuwa amelipa SHA, na hospitali hiyo ina mkataba nao, kuna 30,000 za upasuaji ambazo zingetoka huko. Hazikutoka. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani ilifika, ikapita, na yeye bado yuko kitandani na mtoto wake na blanketi zake. Hakuna aliyemwambia amefungwa. Aliambiwa tu "tunangoja upande wa malipo." Siku nne. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani kwa sababu ya bili, ikasema haki zao zilivunjwa na walipwe fidia. Miaka kumi na kitu sasa, na nesi bado anakujibu hivyo bila kukuangalia usoni.

Tukarudi kwa grupu. Ile ile. Dubu bado yuko kwa picha. Nikafuta "Bebi Shawa" nikaandika "Tumtoe Beste." Watu waliotuma 3,500 za baluni bila kuuliza swali walituma 500, walituma 200, wengine waliandika "mungu atafungua njia" wakatoka. Sisemi ni wabaya. Walikuwa wameshatoa. Hapo ndipo kiini cha ugomvi wangu: mtu akishatoa kwa ajili ya picha, moyoni mwake ameshamalizana na wewe. Kile kiasi cha upendo alichopanga kwa mwaka huu kimetumika.

Najua jibu lenu, nimelisikia. "Kwani maskini hana haki ya kusherehekea?" Na "wewe unataka kila kitu kiwe harambee, tumechoka na harambee." Jibu la kwanza lina uzito, nitalirudia. La pili sikubali. Bebi shawa ni harambee. Ni mchango wa M-Pesa, mweka hazina, orodha ya waliotoa na aibu ya ambao hawajatoa. Tofauti ni kwamba harambee ya babangu ilikuwa inaishia kwa karo ya mtu, na yetu inaishia kwa mwenye kukodisha ukuta wa maua bandia. Tumechukua kitu tulichokuwa tunakijua vizuri kuliko karibu kila mtu duniani, kukusanya pesa kidogo kidogo kutoka kwa watu wasio na pesa, tukakipeleka kwa baluni.

Na tulikuwa na yetu, si eti hatukuwa nayo. Mamake Beste alishuka kutoka Murang'a na matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, na thamosi ya uji na ndoo ya njahi, kwa sababu mzazi anakula njahi ndiyo maziwa yaje. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la nje ya wodi, mimi nikihesabu jumbe za M-Pesa. Aliniuliza, "Mami, ile siku mlikusanyika, mlimletea nini?" Nikamwonyesha picha kwa simu. Aliangalia kwa heshima, akasema keki ni nzuri. Halafu akanieleza itega: mtoto akishazaliwa, si kabla, wanawake wanajipanga wanakuja nyumbani na kuni, maji, unga wa uji, wanapika, wanafua, wanamshika mtoto mama alale. Hakunisema. Alikuwa tu anaeleza, kama mtu anakuelekeza njia. Ningependa angenisema.

Pwani wana arobaini. Siku 40 mzazi hatoki, hapiki, anakandwa kwa maji moto, anafungwa tumbo kwa leso. Na wazee wengi wa bara wanakataa kabisa kununua nguo za mtoto kabla hajalia; mnawacheka kwamba ni ushirikina. Fikiria wamezika wangapi ndipo wakajifunza kungoja. Tofauti na Pinterest, hizi mila zote zinajua kitu kimoja: tumbo halihitaji watu 14. Tumbo linajibeba. Siku ya tisa ndiyo inahitaji watu, saa nane usiku, mshono unavuta na mtoto hataki kunyonya.

Hapa lazima nijizuie, kwa sababu naona nikianza kuimba zamani. Zamani ilikuwa na mama mkwe pia. Najua mwanamke aliyefungiwa arobaini yake yote na mtu aliyemhesabia vijiko vya sukari. Najua wanawake walioletewa kuni pamoja na maswali: mbona wa kike tena? Itega ilifanya kazi kwa sababu watu waliishi hatua chache kutoka kwa kila mmoja. Mimi niko Zimmerman, Beste yuko Umoja, na kufika kwake ni matatu mbili na saa mbili za jam. Bado. Kileleshwa tulifika wote, na kwa wakati, na viatu virefu.

Na baba wa mtoto? Alituma 2,000 za keki, akawekewa lebo kwenye posti, akaandika "baraka." Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo na mama miezi mitatu. Ni sheria nzuri kama una barua ya ajira. Msusi anayelipwa kwa kichwa hana miezi mitatu ya mtu. Beste alirudi saluni wiki ya tano, anasimama na mshono, mtoto amelala kwenye beseni chini ya kioo. Ndiyo, kwa moja ya zile blanketi. Nilikuwa nimewaambia kwamba saba ni nyingi.

Nilipomwambia Beste ninaandika haya alinyamaza, halafu akakasirika, na si kwa hospitali. "Usiniharibie siku yangu," alisema. "Wewe unaona mapambo. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kufanyiwa sherehe. Sina picha ya bathdei hata moja. Ile ndiyo siku pekee watu walivaa vizuri kwa sababu yangu." Nikameza mate. Niliona makala yangu yote ikianguka. Akaendelea kusuka, na bila kuinua macho akaongeza, kwa sauti ya kawaida tu: "Chenye kiliniuma ni baadaye. Nyinyi mlikuja kusherehekea tumbo. Mtoto akatoka, mkaisha."

Mtu wa kwanza kufika kwake kutoka ile grupu alikuwa mimi. Siku ya 19. Nilikuja na ndizi.

Kwa hivyo hapana, sisemi msifanye sherehe. Beste ana haki ya picha zake na twiga wake wa sukari, na mtu akija kuniambia maskini wale njahi tu bila kucheka nitamfukuza mimi mwenyewe. Ninachopinga ni nyinyi na mimi kuita hiyo ndiyo kazi, kununua thimu nzima mpaka senti ya mwisho na kuacha siku ya tisa bila mwenyewe. Na ninapinga huu uoga wetu wa kumuuliza rafiki mambo ya pesa. Tunaweza kumuuliza mtu saizi ya titi ndiyo tumnunulie pampu, lakini tukimuuliza kama bima imelipwa, eti tunamkosea heshima.

Agosti kuna mwingine anajifungua, wa kundi letu hilo hilo, na nimeulizwa tena niandae kwa sababu "wewe una kipaji." Nimekubali, na thimu nimeichagua mimi bila kura: Arobaini. Leso kutoka Biashara Street ukutani badala ya ukuta wa maua, na kila leso baadaye inaenda nyumbani na mama, ya kufungia tumbo, ya kubebea mtoto. Tutakutana kwa nyumba ya mmoja wetu. Chapati, pilau, keki ndogo. Picha tunapiga kwa simu yenye kamera nzuri, tunaijua ni ya nani. Mchango ni 2,000, na kitu cha kwanza kulipwa ni SHA ya mwaka. Hiyo nimeshamuuliza, alicheka kwa aibu, halafu akanitumia namba yake ya kitambulisho.

Na kuna karatasi kubwa yenye siku 40, unaandika jina lako kwa mbili au tatu. Siku yako unakuja. Huji na keki. Unapika, unafua, unashika mtoto, yeye analala, unaenda.

Grupu imekuwa kimya tangu niiposti. Mmoja ameandika kwamba hii "inakaa kazi ya nyumba, si sherehe." Wawili wametoka. Mmoja ameuliza kama anaweza kumtuma mfanyakazi wake wa nyumbani, nikamwambia aje naye. Tumebaki tisa. Mamake Beste, ambaye hata si mama wa huyu, alichukua siku ya 1 hadi ya 3 kwa simu kabla sijamaliza kumweleza. Beste amechukua ya 9.

Siku ya 11 mpaka ya 16 bado hazina mtu.